Mbwembwe Matangani: Wonderland na Filamu za Mauaji ya Kweli

Alasiri ya Julai 1, 1981, wapagazi waliokuwa wakihamisha samani katika nyumba ya jirani huko Laurel Canyon, kwenye vilima vya Los Angeles, walisikia mtu akigumia. Sauti ilitoka nambari 8763, barabara ya Wonderland. Ndani walikutwa watu wanne waliouawa alfajiri kwa nyundo na mabomba ya chuma, na mwanamke wa tano aliyepasuliwa fuvu lakini bado anapumua. Majirani walikuwa wamesikia mayowe. Hawakupiga simu polisi, kwa sababu nyumba ile haikuwa na usiku wa kimya. Ilikuwa ya kuuzia na kutumia dawa za kulevya, na mtaa ulikuwa umeshazoea makelele yake.

Polisi waliingia na kamera ya video, jambo ambalo halikuwa la kawaida miaka ile. Kamera inapita chumba hadi chumba ikimulika ukuta, zulia, kitanda. Haina muziki, haina anayejaribu kukutisha, na sijui picha inayotisha zaidi yake katika yote yaliyowahi kutengenezwa kuhusu kisa hiki.

Miaka 22 baadaye, mwaka 2003, mwongozaji James Cox alitoa filamu aliyoiita Wonderland. Nimeitazama mara tatu. Mara ya kwanza nilidhani nimechoka, mara ya pili nikadhani sikuelewa vizuri. Mara ya tatu nilikaa na kalamu na daftari, nikaandika kila kamera iliporuka bila sababu, na kabla ya nusu ya filamu nikaiweka kalamu chini. Skrini inakatwa vipande viwili, mara vitatu. Ramani za jiji zinajichora zenyewe. Maandishi yanatokea na kutoweka. Rangi zimechujuka kama nguo iliyoanikwa juani mwezi mzima, picha zinapita kasi, zinarudi nyuma, zinapandiana. Na chini ya vurugu zote hizo kuna kisa ambacho kingesimama chenyewe hata kama kingesimuliwa na mtu aliyekaa kwenye kigoda.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hapa mambo yamekwenda kinyume: kizuri kimetembezwa mpaka kikachakaa.

Kabla sijaendelea, nikiri kitu. Mimi si katika wale wanaodai filamu ya kisa cha kweli lazima iwe kavu kama taarifa ya polisi. Madoido si dhambi. Ninachouliza ni doido hili linajibu swali gani. Kila kisa cha mauaji ya kweli kina swali lake linalouma kuliko mengine: nani aliua, kwa nini polisi walikosea, kwa nini watu waliona wakanyamaza, kwa nini ukweli hadi leo haujulikani. Mbinu inayolichimba swali hilo ni kazi ya sanaa. Mbinu isiyolichimba ni kujitingisha mbele ya maiti, na hao ni maiti wenye ndugu, si wa kubuni.

Cox hakukosa malighafi. John Holmes alikuwa miongoni mwa waigizaji maarufu zaidi wa filamu za ngono za Marekani katika miaka ya 1970. Kufikia 1981 kokeini ilikuwa imemmaliza: kazi imekwisha, fedha zimekwisha, amebaki kuwa mtu wa kutumwatumwa. Alikuwa na miguu katika nyumba mbili. Moja ni ile ya Wonderland, ya Ron Launius na wenzake. Nyingine ni ya Eddie Nash, mfanyabiashara aliyezaliwa Palestina kwa jina la Adel Nasrallah, mwenye vilabu vya usiku na, kama ilivyojulikana mjini, biashara nyingine zisizo na leseni. Juni 29 Holmes alienda kwa Nash akaacha mlango wa nyuma bila kufungwa. Asubuhi ile genge la Wonderland likaingia na beji za polisi za bandia, likampora Nash fedha, dawa na vito, na mlinzi wake akapata jeraha la risasi. Siku mbili baadaye nyumba ya Wonderland ikageuka machinjio.

Alama ya kiganja cha Holmes ilikutwa kwenye kitanda cha Launius. Alishtakiwa, na Juni 1982 akaachiwa huru. Utetezi ulidai kwamba naye alikuwa mateka, aliyelazimishwa kuwafungulia wauaji mlango. Alikufa Machi 1988 kwa UKIMWI bila kueleza mahakamani kilichotokea. Nash alifikishwa kizimbani mwaka 1990, na jopo la raia 12 likagawanyika, 11 wakitaka atiwe hatiani na mmoja akikataa. Baadaye Nash mwenyewe alikiri kwamba alimhonga mjumbe huyo. Kesi iliporudiwa mwaka 1991 alishinda. Mwaka 2001, mzee na mgonjwa, alikubali makosa mengine kwa makubaliano na waendesha mashtaka. Alikiri pia kwamba aliwatuma watu wake Wonderland kuchukua mali yake, lakini alikana kupanga mauaji.

Mtu akikupa kisa kama hicho, amekupa shamba lenye kisima. Kinachobaki ni kuamua unataka kupanda nini.

Cox na wenzake waliouandika mswada waliamua kusimulia usiku ule kupitia ushahidi unaopingana. Kwanza tunasikia toleo la David Lind, mwanagenge ambaye usiku ule hakuwamo nyumbani na ambaye aliwaeleza polisi habari za uporaji. Katika toleo lake, Holmes ndiye aliyebuni mpango, ndiye mwoga na mlafi. Kisha tunasikia toleo la Holmes, ambamo yeye ni kondoo kati ya fisi. Mwishoni anakuja mkewe, Sharon, na kile alichokiona yeye usiku ambao mumewe alirudi ametapakaa damu.

Wazo hili ni zuri, na lina babu yake. Mwaka 1950 Akira Kurosawa alilitumia katika Rashomon, filamu ya Kijapani ambamo kifo kimoja kinasimuliwa na jambazi, mjane, roho ya marehemu na mkata kuni. Watu wengi hukumbuka kwamba simulizi zinapingana. Wachache hukumbuka kwamba kila simulizi imepigwa kwa namna yake. Jambazi anapohadithia pambano la panga, tunaona mashujaa wawili. Mkata kuni anapohadithia pambano hilohilo, tunaona wanaume wawili wanaotetemeka mikono, wanaojikwaa, wanaotweta kwa hofu. Uongo una ngoma yake na ukweli una ngoma yake, na mtazamaji anaombwa asikilize tofauti ya midundo. Mashahidi nao wanaketi wakitutazama sisi, hakimu haonekani wala hasikiki, kwa hiyo hakimu ni wewe uliyekalia kiti.

Katika Wonderland, Lind anasimulia kwa kamera inayorukaruka. Holmes anasimulia kwa kamera inayorukaruka. Polisi wanapohoji, kamera inarukaruka. Hapo ndipo filamu inapokufa, na kifo chake ni cha kiufundi kabla ya kuwa cha kimaadili: pale ambapo kila mdomo unapewa sauti ileile, mashahidi watatu ni shahidi mmoja, naye ni mhariri wa filamu. Sina namna ya kuhisi kwamba huyu anadanganya na yule anaficha, maana wote wamevalishwa vazi moja la mbwembwe. Swali la kisa hiki, kwa nini ukweli umeshindwa kupatikana, linageuzwa kuwa kizunguzungu. Mtu anatoka hajui kilichotokea, sawa, lakini hajui pia kwa nini hajui.

Kinachosikitisha ni waigizaji. Val Kilmer anamcheza Holmes kwa utelezi unaostahili filamu bora. Ana tabasamu la mtu aliyezoea kusamehewa, na macho ya mtu anayehesabu nani bado hajamkopa. Eric Bogosian ni Nash aliyevaa gauni la kulalia na mwenye hasira ya polepole. Josh Lucas, Dylan McDermott, Tim Blake Nelson na Carrie Fisher wote wamo. Penye miti hakuna wajenzi. Anayenusurika kweli ni Lisa Kudrow katika nafasi ya Sharon, na nadhani naijua sababu. Anapokuwa mbele ya kamera, kamera inakuwa na adabu. Inatulia. Mwanamke huyu muuguzi, aliyeolewa na mtu ambaye nusu ya nchi ilimjua akiwa uchi, anamtazama mumewe kwa uchovu usiohitaji rangi iliyochujuka wala skrini iliyokatwa. Dakika zake chache zinatuonyesha filamu ambayo ingekuwepo.

Anayetaka kujua uporaji ule ungeweza kuonyeshwaje, asiende mbali. Mwaka 1997, miaka sita kabla, Paul Thomas Anderson alitoa Boogie Nights, ambayo mhusika wake mkuu alitokana na Holmes. Karibu na mwisho vijana watatu wanaenda kwa tajiri wa dawa za kulevya kumuuzia magadi ya kuokea kama kokeini, na mmoja wao ana nia ya kupora. Tajiri huyo, aliyechezwa na Alfred Molina, amevaa gauni lililofunguka kifua, anaimba kufuata muziki wa kaseti, na nyuma yake kijana mmoja anarusha fataki sebuleni moja baada ya nyingine. Kila fataki inalia kama risasi. Wageni wanashtuka, mwenyeji hashtuki. Halafu Anderson anafanya jambo ambalo Cox hakuthubutu: anaiacha kamera kwenye uso wa Mark Wahlberg, inakaa, inaendelea kukaa, na kijana hafanyi chochote ila kugundua polepole kwamba maisha yake yamefika hapa.

Anderson si mwongozaji wa kiasi. Filamu ileile inafunguka kwa kamera inayoingia kutoka barabarani hadi ndani ya klabu na kuzunguka meza kwa meza bila kukatwa. Ana madoido kuliko Cox. Tofauti ni kwamba anajua lini aache. Wapiga taarabu wanalijua hili vizuri: msindo wote wa fidla na kanuni ni wa kukutayarisha kumsikia mwimbaji, na mwimbaji akifungua kinywa, fidla inashuka.

Tusimwonee Cox peke yake. Alikuwa mtoto wa zama zake. Baada ya 1994, mwaka wa Pulp Fiction na Natural Born Killers, na baada ya uhariri wa kompyuta kuurahisishia mkono kazi ambayo zamani ilihitaji mkasi na gundi, kizazi kizima cha waongozaji kiliamini kwamba kuukata muda vipande ni sawa na kuwa na akili. Video za muziki zilikuwa chuo chao. Tony Scott, fundi aliyeheshimika, mwaka 2005 alitoa Domino, kuhusu mwanamke Mwingereza aliyeacha maisha ya kifahari akawa mwindaji wa watoro wa mahakama huko Los Angeles. Mwanamke huyo alifariki Juni mwaka huohuo, miezi michache kabla filamu haijaingia kumbini. Unaitazama ukiwa na huzuni hiyo mkononi, na filamu haikupi nafasi hata sekunde tano ya kuiweka chini.

Lakini ugonjwa wenyewe ni wa zamani kuliko kompyuta, na mgonjwa ninayempenda kuliko wote ni Richard Fleischer, kwa sababu yeye alipona.

Kati ya Juni 1962 na Januari 1964 wanawake 13 waliuawa mjini Boston na vitongojini, wengi kwa kunyongwa majumbani mwao. Mwaka 1968 Fleischer alitoa The Boston Strangler. Mwaka uliotangulia, maonyesho makubwa ya kimataifa ya Montreal yalikuwa yameushangaza ulimwengu kwa filamu za vidirisha vingi katika skrini moja, na Hollywood ikashikwa na homa ya vidirisha. Fleischer akaukatakata mji wa Boston. Na hapa lazima niwe mkweli: nusu ya kwanza, ujanja huo unafanya kazi. Katika kidirisha kimoja mwanamke anafunga komeo, katika kingine mwanamke mwingine anaongeza minyororo, cha tatu kinaonyesha ngazi tupu. Huoni muuaji. Unaona hofu ikihama nyumba hadi nyumba kama moshi. Swali la nusu hiyo ni mji unaishije na kitu usichokijua, na vidirisha ndivyo jibu lake.

Kisha anaingia Tony Curtis kama Albert DeSalvo, filamu ikiwa imeshatembea kama saa moja, na mbwembwe za kamera zinapisha mbwembwe za hoja. Filamu inatuambia kwamba DeSalvo ana nafsi mbili, baba mwema asiyejua kwamba ndani yake analala muuaji, na inamfungia katika chumba cheupe pepe mpaka nafsi hizo zikutane. Curtis anaigiza vizuri ajabu. Bahati mbaya DeSalvo halisi hakuwahi kupimwa na kukutwa na maradhi hayo, wala hakuwahi kushtakiwa kwa mauaji yale. Alikiri, lakini kilichomfunga mwaka 1967 ni makosa mengine ya uporaji na ya kingono, na filamu ilipotoka alikuwa hai gerezani. Aliuawa humohumo mwaka 1973. Mwaka 2013 ndipo vipimo vya DNA vilipomhusisha na mwanamke wa mwisho kuuawa. Kwa wengine kumi na wawili mjadala haujafungwa. Chumba cheupe kilikuwa kizuri kukitazama na kilikuwa uzushi. Naliona doido la namna hiyo kuwa baya kuliko kamera inayorukaruka, maana la kamera unaliona kwa macho.

Miaka mitatu baadaye Fleischer huyohuyo akaenda London kutengeneza 10 Rillington Place. Kisa chake Waingereza wanakijua kama sisi tunavyojua majina ya mitaa yetu. Timothy Evans, kijana asiyejua kusoma vizuri, alinyongwa Machi 1950 kwa mauaji ya mtoto wake mchanga, na shahidi mkuu wa serikali alikuwa jirani yake wa ghorofa ya chini, John Christie. Mwaka 1953 ilibainika kwamba Christie mwenyewe alikuwa ameficha maiti ndani ya nyumba ile na bustanini. Naye akanyongwa. Evans alisamehewa mwaka 1966, akiwa kaburini miaka 16.

Fleischer alipiga picha kwenye mtaa wenyewe, muda mfupi kabla haujabomolewa. Hakuna vidirisha. Hakuna chumba cheupe. Kuna karatasi za ukutani zilizobabuka, birika la chai, na Richard Attenborough, akiwa Christie, akinong'ona kwa sauti ya mtu mwungwana anayetaka kukusaidia. Kunyongwa kwa Evans, aliyechezwa na John Hurt, kunapita haraka hata hupati muda wa kuvuta pumzi. Mlango unafunguka, hatua chache, basi. Mwongozaji mwingine angetumia dakika tano na kwaya. Fleischer alielewa kwamba wepesi wenyewe ndio uovu: dola inaweza kumtoa mtu asiye na hatia duniani kabla chai haijapoa.

Hapo ndipo ninapokataa hoja ya wanaosema hili ni suala la ladha tu. Mtu ni yuleyule, na kisa ni cha aina ileile. Kilichobadilika ni kwamba mara ya pili aliheshimu swali.

Wapo pia waliofanya ujanja mkubwa na bado wakaheshimu swali. David Fincher katika Zodiac, mwaka 2007, alikuwa na muuaji wa California ya kaskazini wa miaka ya 1968 na 1969 ambaye hakuna mtu aliyewahi kushtakiwa kwa mauaji yake. Waliosalimika walimweleza muuaji kwa sura zinazotofautiana. Fincher akamchezesha muuaji kwa waigizaji tofauti katika matukio tofauti, kila mmoja akikaribia maelezo ya shahidi wa tukio lile. Watazamaji wengi hawalitambui jambo hilo mpaka waambiwe. Wanachohisi ni wasiwasi tu, kwamba mtu huyu hashikiki. Doido hili halijionyeshi, na kazi linayofanya ni ileile iliyoishinda Wonderland: linaufanya ushahidi usioaminika uwe kitu cha kuonekana kwa jicho.

Hata Alpha Dog ya Nick Cassavetes, filamu ambayo kwa jumla siipendi, ina doido moja lenye dhamiri. Inahusu mvulana wa miaka 15 aliyetekwa na vijana waliouza bangi California Agosti 2000 kwa sababu ya deni la kaka yake, akazungushwa kwenye sherehe na majumba siku kadhaa, kisha akauawa. Kila mtu anapomwona mateka, maandishi yanatokea chini ya skrini: shahidi nambari fulani. Mwanzoni unaona ni mapambo. Nambari zinaendelea kupanda. Wasichana kwenye bwawa, wazazi, marafiki wa marafiki. Unaanza kuelewa kwamba mtoto huyu aliuawa mbele ya kadamnasi, na kwamba simu moja ingemwokoa. Kisha filamu inajiharibia kwa mahojiano ya kuigiza, Sharon Stone akiwa amevalishwa mwili wa bandia wa unene, na huruma yote inamwagika. Doido lililotokana na kisa lilisimama, na lililotokana na sanduku la vipodozi likaanguka.

Wengine wetu tulikulia vibanda vya video, tukitazama filamu za nje kupitia watafsiri wa mtindo wa Lufufu, sauti moja ikicheza wahusika wote. Watu wa vyuo huwacheka watafsiri wale. Mimi nawaheshimu, kwa sababu walikuwa na kipimo ambacho wahakiki hatuna: walilazimika kujua nani anamdanganya nani, sasa hivi, wakati umma uko kwenye mabenchi umeshalipa. Najaribu kumwazia mmoja wao akitafsiri Wonderland. Nadhani angezima kipaza sauti akaagiza soda.

Kuna deni jingine katika filamu ya Cox, na hili kamera tulivu isingelifuta peke yake. Hadithi yote imefungwa ndani ya penzi la Holmes na Dawn Schiller, aliyechezwa na Kate Bosworth, wapenzi wawili waliopotea wanaotaka kutoroka mji. Ukweli ni kwamba Schiller alikutana na Holmes mwaka 1976 akiwa na umri wa miaka 15, na Holmes alikuwa mwanamume mwenye mke, aliyepita miaka 30. Mwaka 2010 Schiller alichapisha kumbukumbu zake, akaeleza vipigo, na jinsi alivyolazimishwa kuuza mwili ili dawa zipatikane. Filamu inagusa sehemu ya mateso hayo, halafu mbwembwe zinayapitia mbio kuelekea machweo ya wapenzi. Mhariri akikata picha kila sekunde mbili, hakuna kofi linalopata muda wa kuuma. Na yule mwanamke wa tano, aliyekutwa akigumia alasiri ile, anapata dakika chache tu, kana kwamba alikuwa mpita njia katika mauaji yake mwenyewe.

Jambo moja lilinikera kuliko yote nililipokuta. Toleo la Wonderland la DVD za diski mbili liliuzwa pamoja na ile video ya polisi, kama nyongeza kwa mnunuzi. Maiti halisi, bei ileile. Sijui aliyeamua hivyo alifikiri nini. Lakini bila kukusudia aliweka sandukuni ushahidi dhidi ya filamu yake mwenyewe, kwa sababu anayetazama vyote viwili kwa usiku mmoja anaona ni kipi kinaamini kwamba watu walikufa.

Mwaka uleule wa 2003, Bong Joon-ho alitoa Korea Kusini Memories of Murder, kuhusu wanawake kumi waliouawa Hwaseong kati ya 1986 na 1991. Wakati ule muuaji hakuwa anajulikana, kama ilivyo Wonderland. Bong hakuificha aibu hiyo kwa kasi. Anatuonyesha wapelelezi wanaowapiga washukiwa mateke, wanaounda alama za viatu, wanaoenda kwa mganga, na shamba la mpunga ambalo halitoi jibu. Mwishoni askari, sasa ni mfanyabiashara, anageuka na kuitazama kamera, yaani anatutazama sisi, akitafuta uso wa muuaji kati ya watazamaji. Hilo nalo ni doido, tena kubwa. Linafanyika mara moja, baada ya saa mbili za kulistahili.

Mwaka 2019 DNA ilimtambua muuaji wa Hwaseong, ambaye tayari alikuwa gerezani kwa mauaji mengine, naye akakiri. Mwaka uliofuata mahakama ilimfutia hatia mtu aliyefungwa karibu miaka 20 kwa mojawapo ya mauaji yale, baada ya polisi kumtesa mpaka akakiri. Alichokionyesha Bong kuhusu askari wale kikathibitika mahakamani.

Wonderland haijapata siku kama hiyo. Nash alikufa mwaka 2014, na hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kutiwa hatiani kwa vifo vya watu wanne wa nyumba nambari 8763.